Tumwogeshe Mbwa kwa Sabuni Ipi?

Wahenga waliposema kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, hawakuwa wameziona chupa za shampuu ya mbwa zinazopangwa siku hizi katika maduka ya dawa za mifugo. Lakini lau wangaliziona, wasingalibadili hata neno moja la methali yao. Chupa ni ya kijani. Imechorwa jani la mshubiri, au nazi iliyopasuliwa, au ua jeupe. Na juu ya picha hiyo limeandikwa kwa herufi nene neno moja lenye nguvu ya ajabu katika biashara ya zama zetu: ASILI. Mnunuzi akiliona neno hilo moyo wake hutulia. Hutoa fedha, huchukua chupa, huenda zake, naye hudhani kwamba kazi ya kuchagua imekwisha.

Nia ya makala yangu ya leo ni kukuambia kwamba hapo kazi ya kuchagua haijaanza. Neno asili halilijibu swali linalotupasa kuuliza. Swali lenyewe ni hili: kitu hiki, kiwe kimetoka mtini au kiwandani, kitafanya nini juu ya ngozi ya mnyama ambaye hujilamba mwili mzima, asiyeweza kusema kwamba kinamchoma, na ambaye watoto wetu humkumbatia mchana kutwa?

Najua wapo watakaocheka. Mbwa na shampuu, wapi na wapi! Watasema kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mbwa wa Mwafrika huogeshwa na mvua. Nami sitaki kubishana nao kwa maneno matamu. Nawaomba tu wamtazame mbwa wao jioni ya leo. Je, anajikuna? Je, ana kupe masikioni na baina ya vidole? Je, mtoto wa nyumba hiyo hulala kwenye jamvi lile lile ambalo mbwa hujinyoosha adhuhuri? Mbwa wa kwetu ni mlinzi, naye mlinzi huishi na watu. Hata wenzetu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mara mojawapo kwa udongo, hawakatazwi kumfuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa mawindo; naye mbwa huyo ana ngozi kama mbwa wengine, na huumwa na wadudu kama wengine. Usafi wake si anasa. Ni sehemu ya usafi wa nyumba.

Katika nyumba yangu, hapa Morogoro, jambo hili lilikuja kwa njia ya mjukuu. Mtoto huyo ana umri wa miaka sita, na tangu alipokuwa mchanga ngozi yake husumbuliwa na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Rafiki yake mkubwa ni mbwa wetu, Simba. Basi mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, Simba akaanza kujikuna usiku na mchana, na mtoto naye akajikuna zaidi ya kawaida yake. Mkwe wangu, ambaye ni mama wa mtoto huyo na ni mtu wa maneno machache, akaniambia kwa adabu lakini kwa uthabiti: "Mama, nisamehe. Ama mbwa atolewe, ama nimpeleke mtoto kwa mama yangu Kilosa mpaka apone." Mtoto aliyasikia maneno hayo kutoka chumba cha pili. Usiku ule hakula.

Kwa hiyo kwangu mimi suala la sabuni ya mbwa halikuwa suala la manukato. Lilikuwa suala la nani atabaki nyumbani.

MAJANI GANI?

Nilianzia dukani, kama wengi tunavyofanya. Kijana muuzaji alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka sabuni ya kumwogeshea mbwa anayejikuna, na nyumbani nina mtoto mwenye ukurutu."

Akainua chupa ya kijani. "Chukua hii, mama. Hii ni ya asili tupu, haina kemikali hata moja."

"Ndani yake mna nini?"

"Majani tu, mama."

"Majani gani?"

Akaigeuza chupa huku na huku. Palikuwa na picha, palikuwa na sifa, palikuwa na ahadi ya kuua viroboto, kuondoa harufu, kuotesha manyoya na kuleta mng'aro. Lakini orodha ya vitu vilivyomo haikuwapo. Kijana akacheka kwa haya. "Mama, labda hiyo ni siri ya kiwanda."

Simlaumu kijana yule. Yeye huuza alicholetewa. Lakini tuyapime maneno yake. Kwanza, hakuna kitu duniani kisicho na kemikali. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na maziwa ya mama yana kemikali nyingi kuliko tuwezavyo kuzihesabu. Pili, jani si dhamana. Hakuna kitu cha asili kuliko utupa, ule mmea ambao wazee wetu katika sehemu nyingi za nchi waliuponda na kuutia mtoni ili samaki walewe na kuelea. Sumu iliyomo, ambayo wataalamu huiita rotenoni, ni kazi ya Mungu mtupu, wala haikupita kiwandani. Hakuna kitu cha asili kuliko tumbaku, nayo nikotini yake hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jirani yangu mmoja aliwahi kusikia kwamba maji yaliyolowekwa tumbaku huua viroboto. Akamwogesha mbwa wake. Viroboto walikufa kweli. Lakini kabla ya saa moja kupita mbwa mwenyewe alikuwa akitokwa na ute mdomoni, akitetemeka na kutapika, na kama daktari wa mifugo asingalikuwa karibu siku ile, jirani angalichimba shimo.

Wala ujinga huu si wetu peke yetu. Uko mti wa Australia ambao kisayansi huitwa Melaleuca alternifolia, na kwenye chupa mafuta yake huandikwa tea tree. Yamesifiwa sana kote duniani kuwa ni dawa ya asili ya ngozi. Mwaka 2014 madaktari wa wanyama wa Marekani walichapisha uchunguzi wa matukio 443 ya mbwa na paka waliodhurika au kuwekwa katika hatari na mafuta hayo yasiyochanganywa, matukio yaliyotokea kati ya mwaka 2002 na 2012. Wanyama walilegea, wakayumba, wakatetemeka. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba katika matukio mengi mno mwenye mnyama ndiye aliyempaka kwa makusudi, akitaka kumponya. Watu hao hawakuwa wakatili. Walikuwa wameliamini neno moja kwenye chupa.

NGOZI YA MBWA SI NGOZI YA MTU

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe, maana huko ndiko uchaguzi unakoanzia. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu. Manyoya humlinda, si ngozi. Tena mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake hutoka hasa kwenye nyayo. Mafuta mepesi yanayotoka kwenye ngozi yake ndiyo yanayoyafanya manyoya yang'ae na kuzuia maji na uchafu. Ukimwogesha mno, au ukitumia sabuni kali, unayaondoa mafuta hayo, ngozi inakauka, inachubuka, inawasha. Naye anajikuna mpaka anajitia vidonda. Hapo wewe unadhani ni mchafu, unamwogesha tena. Gurudumu linazunguka.

Wataalamu wana kipimo cha uchachu na umagadi ambacho hukiita pH. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Ndimu na siki ziko chini yake. Magadi na majivu yako juu yake. Ngozi ya binadamu ni chachu kidogo, kwa wastani kama 5 na nusu au chini ya hapo. Ngozi ya mbwa iko karibu na 7. Sabuni ya mche, ile tunayofulia, iko kati ya 9 na 10. Kwa hiyo utaona kwamba shampuu yetu sisi haikukadiriwa kwa ngozi yake, na sabuni ya kufulia ndiyo iko mbali zaidi. Sabuni ya unga tusiitaje kabisa. Hiyo ni ya nguo.

Hapa pana jambo litakalowashangaza wapenzi wa vitu vya asili, nami lilinishangaza. Sabuni ya mikono, ile wanayoitengeneza kina mama kwa mafuta ya nazi, na hata ile nzuri ya Zanzibar inayotiwa mwani, ni sabuni halisi; na sabuni halisi, yaani mafuta yaliyopikwa pamoja na magadi makali, haiwezi kuacha kuwa na umagadi. Ukiupunguza umagadi wake mpaka ulingane na ngozi, sabuni inavunjika na kurudi kuwa mafuta. Ndiyo tabia yake. Mimi mwenyewe huoga kwa sabuni ya nazi na kuisifu kwa kila mtu, tena povu lake hutoka hata katika maji ya chumvi. Lakini kwa mbwa mwenye ngozi iliyochubuka si chaguo la kwanza. Shampuu laini kwa mbwa aghalabu hutengenezwa kiwandani kwa visafishio vilivyotokana na nazi na sukari, vikapimwa pH yake mpaka ikawa karibu na 7. Yaani kilicho karibu zaidi na mti chaweza kuwa kikali zaidi, na kilichopita kiwandani chaweza kuwa laini zaidi. Na kinyume chake pia ni kweli: kipo kisafishio kikali, sodiamu lauri salfeti, ambacho chaweza kutengenezwa kutokana na nazi, na mwenye kiwanda akaandika bila kusema uongo kwamba bidhaa yake inatokana na nazi. Nazi ni mwanzo wa safari tu. Haituambii safari iliishia wapi.

MITI YETU NA MIPAKA YAKE

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sisemi tuitupe mitishamba. Nasema tuijue kwa sura zake zote mbili.

Mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi, una kitu ambacho huwanyima wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao. Ndiyo sababu hauui kupe papo hapo kama wengi wanavyotaraji. Maji ya majani yake yaliyochemshwa na kupoa ni mepesi. Mafuta ya mbegu zake ni makali zaidi, yana harufu nzito, na hayafai kulambwa. Mshubiri nao una sehemu mbili: ute mweupe wa ndani, ambao hupoza ngozi, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao mbwa akiulamba ataharisha. Anayekata jani na kumsugulia mbwa ganda na yote amempa dawa na sumu kwa mkono mmoja. Vitunguu, vya maji na vya saumu, ambavyo wengine huviponda na kumpaka mbwa ili kupe wamkimbie, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa anapovila. Na kilichopakwa mgongoni hulambwa, na kinacholambwa huliwa.

Pareto ni fahari ya nyanda zetu za juu, ua dogo jeupe linalolimwa Iringa, Njombe na Mbeya, na dawa yake huua viroboto kweli, kisha huvunjika upesi juani. Ukiona shampuu ya mbwa yenye pareto iliyopimwa vizuri, si kitu kibaya. Lakini kama nyumba yako ina paka pia, tahadhari: paka hastahimili dawa hizi kama mbwa, na ndugu yake pareto wa kiwandani, aitwaye pemethrini, humdhuru paka vibaya sana. Usimwogeshe paka kwa shampuu ya viroboto ya mbwa, wala usimruhusu alale juu ya mbwa ambaye hajakauka.

Mafuta ya taa sihesabu kuwa ni dawa, ingawa bado naona watu wakiwapaka mbwa. Huchoma ngozi, na mbwa akiyalamba yakaingia mapafuni huleta homa ya mapafu. Hali kadhalika dawa ya josho, iliyokadiriwa kwa ng'ombe wa kilo mia tatu. Mtu anakadiria kwa kizibo, kwa jicho, na kwa sala. Hiyo ni bahati nasibu, tena anayecheza si yule atakayelipa.

Kitu cha asili ambacho mimi nimekiona kuwa kipole kuliko vyote ni nafaka ya oti, ile ya uji wa makopo. Ikisagwa mpaka iwe unga laini, ikakorogwa katika maji ya vuguvugu na kumwagiwa mbwa, ikaachwa kama dakika kumi kisha ikasuuzwa, hutuliza muwasho. Shampuu nyingi za mbwa wenye ngozi nyepesi hutiwa nafaka hii. Haiui kiroboto hata mmoja. Kazi yake ni kupoza, wala haidai zaidi.

KUSOMA CHUPA

Daktari wa mifugo aliyemtazama Simba hakuanza na sabuni. Alimlaza, akapekua manyoya ya juu ya mkia, akanionyesha chembe nyeusi kama unga wa kahawa. Akazisugua juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Zikaacha michirizi ya rangi ya kutu. "Hicho ni kinyesi cha viroboto, mama," akasema. "Ni damu ya mbwa iliyokwisha liwa." Kisha akapekua kingo za masikio na viwiko kutafuta upele, ule unaoletwa na utitiri, kwa kuwa upele huo humwambukiza hata mtu na kumwasha. Hakuuona. Ndipo alipozungumzia sabuni, na maneno yake nimeyaweka kama kanuni nyumbani kwangu.

Chagua chupa yenye orodha kamili ya vilivyomo. Isiyo na orodha iache dukani, hata kama jani lililochorwa linavutia. Hakikisha imeandikwa kwamba ni ya mbwa, na kama una mtoto wa mbwa, angalia umri unaoruhusiwa. Tafuta anwani ya mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Epuka manukato makali, kwa kuwa pua ya mbwa ina nguvu mara nyingi kuliko yetu, na harufu tunayoiita nzuri kwake ni kelele; tena manukato hayo hayo huweza kuichokoza ngozi ya mtoto mwenye ukurutu. Usinunue ya dawa kama hakuna ugonjwa. Shampuu yenye kloheksidini, kwa mfano, ni nzuri kwa vidonda vya bakteria na kwa ukungu wa ngozi, lakini hiyo ni tiba, nayo tiba huamriwa na mganga.

Jambo la mwisho alilolisema ndilo lililoniondolea dhana niliyoisikia kwa wengi, kwamba dawa ya kuhifadhi iliyotiwa kwenye chupa ni adui. Maji yaliyochanganywa na majani, yakikaa siku kadhaa katika joto letu, huota vijidudu hata kama hayajabadilika harufu. Uko ugonjwa unaojulikana kwa madaktari, ambapo mbwa huogeshwa leo, na baada ya siku moja au mbili anapata homa na maumivu makali ya mgongo, vinyweleo vikitunga usaha. Chanzo aghalabu ni shampuu iliyochanganywa na maji na kuwekwa mpaka ikaota vijidudu. Kwa hiyo ukichemsha mwarobaini wako, uutumie siku ile ile na unaobaki uumwage. Na shampuu ya dukani usiichanganye na maji kwa akiba. Changanya ya leo tu.

NAMNA YA KUOGESHA

Sabuni nzuri ikitumiwa vibaya haina faida. Chagua asubuhi yenye jua. Kabla ya maji, chana manyoya kwa brashi au chanuo, maana mafundo yakilowa hukaza, na wakati wa kuchana ndipo utakapoviona vidonda, uvimbe na kupe. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta.

Kama ni shampuu mpya, ipake kwanza sehemu ndogo ndani ya paja, isuuze, ungoje mpaka kesho. Ngozi ikiwa nyekundu, umeokoa mwili mzima. Tumia maji ya vuguvugu. Zungushia povu shingoni kwanza, kama kola, ili viroboto wasikimbilie kichwani, kisha shuka mgongoni, tumboni, miguuni na baina ya vidole. Uso uufute kwa kitambaa cha maji matupu. Masikio yasiingie maji. Iache shampuu ikae kwa muda ulioandikwa. Zile za dawa aghalabu huhitaji dakika 5 hadi 10, na anayezisuuza papo hapo amemwaga fedha zake. Halafu suuza, na ukidhani umemaliza, suuza tena, mpaka maji yanayotiririka yawe meupe. Sabuni iliyobaki kwenye manyoya ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko dhidi ya shampuu zisizo na kosa. Mkaushe kwa taulo lake mwenyewe, na usimwache alale akiwa amelowa. Mara moja kwa mwezi yatosha kwa mbwa wengi wenye afya, pamoja na kuchanwa kila wiki. Kichanga ambaye bado yuko kwa mama yake usimwogeshe.

ISICHOWEZA SHAMPUU

Hapana budi niseme pia mahali ambapo uwezo wa shampuu unakomea. Mayai ya viroboto hudondoka chini. Wengi wao hawako juu ya mbwa bali kwenye jamvi, kwenye nyufa na kwenye vumbi la kibanda. Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, hutaga maelfu ya mayai na kujificha kutani, naye hueneza homa zinazomwacha mbwa na ufizi mweupe, bila hamu ya kula, na mara nyingine akitokwa damu puani. Hakuna shampuu, ya asili au ya kiwandani, inayoyamaliza hayo. Dawa ya viroboto na kupe iliyopimwa kwa uzito wa mbwa, kibanda kilichofagiwa, matandiko yaliyoanikwa na kufuliwa, hivyo ndivyo vinavyokamilisha kazi. Na hakuna usafi unaochukua nafasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyenawiri na kunukia, asiyechanjwa, bado ni hatari mlangoni pako.

Kwa Simba tulifanya yote mawili. Alipewa dawa ya viroboto kwa kipimo cha daktari. Akaogeshwa kwa shampuu ya oti isiyo na manukato. Kibanda kikafagiwa na jamvi la zamani likachomwa. Muda wa majuma matatu aliacha kujikuna usiku. Mkwe wangu aliweka masharti yake, na nayaona ya haki: mbwa halali ndani, na mtoto hunawa mikono kila akitoka kumchezea. Ukurutu wa mtoto haukutoweka, kwa sababu ulikuwapo kabla ya Simba. Huja na kuondoka kama ulivyozoea. Lakini vile vipele vya kuumwa na viroboto vilivyomzidishia kujikuna havikurudi, na habari ya Kilosa haikuzungumzwa tena. Siku ya kuogesha, mtoto ndiye mshika kata. Yeye ndiye anayepaza sauti kwamba maji bado hayajawa meupe.

Ndugu msomaji, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotutaka tusiwatese wanyama tuliowaweka mikononi mwetu. Wengi tunadhani mateso ni fimbo na njaa tu. Lakini mnyama anayechomwa ngozi kwa nia njema huumia sawasawa na yule anayechomwa kwa nia mbaya, kwa kuwa ngozi haisomi nia. Nia njema basi haitoshi. Yahitaji kufuatwa na macho yanayosoma, ulimi unaouliza, na mkono unaopima. Ukienda dukani, usiulize kama ni ya asili. Uliza ndani yake mna nini, kwa kiasi gani, na kwa ngozi ya nani. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mshukuru kwa adabu, uende duka la pili.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na wote walio nyumbani kwako, pamoja na yule anayelala nje ya mlango.